Kuku Waliochinjwa Upande wa Pili

Rehema,

Asubuhi uliniamkia ukiwa umegeukia mlangoni, na mimi nikaitikia marahaba nikiwa nimegeukia jiko. Basi salamu tumeshamalizana. Hali sikuulizi kwa sababu naiona: umenuna, na mimi nimenuna kuliko wewe.

Saa hizi wewe na baba yako mko Korogwe kumuaga bibi yako mzaa baba. Mimi nimebaki kibarazani na cherehani. Nilitaka nikupindie ile sketi nyeusi, lakini uzi unakatika kila nikikanyaga, nikaona heri nishike kalamu. Ukirudi jioni nyumba itajaa watu na nafasi ya kusema haya sitaipata. Hata nikiipata nitapiga kelele, na wewe utapiga kelele, na majirani wa hapa Mkata wameshasikia ya kutosha jana.

Mambo ya sweta na viatu vya baridi sitayaandika. Ulishakaa Korea muhula mzima ukarudi umenenepa, kwa hiyo kula unajua. Mambo ya wanaume nilikwambia ulipokuwa kidato cha pili, hukusikia, na sasa una akili zako. Ninachotaka kuandika ni jana, kwenye chakula cha kukuaga.

Jana umeniaibisha ndani ya nyumba yangu, mbele ya watu niliowaalika mimi, juu ya chakula nilichopika mimi. Naanza na hilo usije ukadhani barua hii ni ya kuomba radhi. Na nitaisimulia jana kwa upande wangu, maana kwa upande wako najua umeshamsimulia baba yako njia nzima ya Korogwe, na humo wewe ndiye mwema.

Kuku nilikuwa nimemwekea Mzee Athumani, jirani yetu, aje awachinje kama siku zote. Nyumba hii ni ya Kikristo, lakini hajawahi kuingia Mwislamu hapa akala wali mkavu kwa kuwa nyama imechinjwa na mtu asiyestahili. Hilo ni jambo ambalo sikubali likosewe, na sababu yake utaiona mbele. Nilipoingia ndani kutwanga vitunguu saumu, wewe ukawafungua kuku, ukawatia kwapani, ukapenya nao kwenye minyaa, ukawapeleka kwa mdogo wangu Omari.

Minyaa ile niliipanda mimi. Inaanzia barabarani na kuishia korongoni, inakikata katikati kiwanja alichotuachia mama yetu. Huku niko mimi, kule yuko Omari. Tangu ilipofungana hatujasalimiana. Nikimsikia anakohoa nafunga dirisha, naye akisikia cherehani yangu anaongeza sauti ya redio. Hayo yote umekua ukiyaona.

Uliporudi nilikuona, kuku wananing'inia mkononi wamekwisha, na mkono wa blauzi una utomvu mweupe. Nikakuuliza nani amechinja. Ukanijibu, "Wamechinjwa vizuri, mama, usiwe na wasiwasi." Nikajua. Lakini wageni walikuwa wameanza kufika, nikawatumbukiza kuku kwenye maji ya moto, na kila unyoya niliong'oa niliung'oa kwa hasira.

Kumbe kuku ni mwanzo tu. Watu wameshanawa, sinia ziko chini, mchungaji ameshaombea chakula na Mzee Athumani ameshasema bismillahi yake, ndipo Omari akaingia kwa mlango wa mbele. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Ukasimama wewe, ukasema, "Karibu, mjomba," kama mtu aliyekuja jana na juzi. Nyumba nzima ikageuka ikanitazama mimi.

Nikamwambia, "Omari, umepotea nyumba."

Akasema, "Sijapotea, dada. Nimeitwa na mpwa wangu nije nimbariki."

Nikamwambia, "Basi aliyekuita akakulishe huko barabarani."

Niliyasema hayo na siyakani. Akarudi kinyumenyume, akavaa makubazi yake, akaondoka hajaonja hata maji. Na wewe badala ya kukaa ukala, ukaanza hotuba.

Hotuba yenyewe ilikuwa juu ya ule mpaka. Jamani, mwanangu, mpaka ule tunaujua. Tangu ulipopelekwa huko na wanafunzi wenzako hujatupumzisha. Ulituma picha kwenye kundi letu la ukoo, ukazituma tena, ukatusimulia kwa simu, ukarudi ukatusimulia kwa mdomo. Nchi moja, watu wamoja, lugha moja, imekatwa katikati kwa waya. Mlipanda basi asubuhi pale mji mkuu, na kabla hamjachoka kukaa mkawa mmefika. Askari akapanda akakagua pasi zenu mmoja mmoja. Mkaambiwa msinyooshe vidole, msipige picha hapa, pigeni pale. Mkapanda kilimani kwenye darubini za kutazamia Kaskazini, na wewe ulipopata zamu yako ukaona shamba, na mtu ndani ya shamba ameinama anapalilia. Ulisema moyo ulikuruka kwa sababu mtu yule alikuwa anapalilia tu, kama sisi.

Nilipokusikia mara ya kwanza nilikasirika na hukujua, kwa sababu ulikuwa na furaha ya kusimulia na sikutaka kukuharibia. Sasa nakwambia. Mimi nimepalilia maisha yangu yote. Ningesikia kwamba upande wa pili wa korongo kuna watu wamepanga foleni, wananitazama kiuno changu kwa darubini, mmoja akimaliza anampisha mwenzake, halafu wanashuka kula aiskrimu, ningewarushia jembe. Na ulisema mwenyewe kwamba aiskrimu ilikuwepo. Ulisema jirani na pale pana bembea na magari ya kuzunguka, watoto wanapiga mayowe ya furaha. Mahali watu wanapolilia ndugu zao wameweka bembea, na wewe ukaingia humo ukapiga picha umetoa vidole viwili.

Halafu ile zawadi. Wenzako wakisafiri wanawaletea mama zao kitambaa, sabuni, hata pipi. Wewe umeniletea kipande cha waya wa miiba ndani ya kiboksi cha kioo, kimewekwa na maandishi, eti kimetoka mpakani kwenyewe. Nilisema asante. Nikakaa nacho mapajani nikijiuliza mwanangu ameona nini kwangu hata akanichagulia waya. Baba yako akacheka, mimi sikucheka. Nilikiweka juu ya kabati nyuma ya masufuria, na sijui kama bado kipo.

Basi jana wali unapoa, na wewe umesimama unasema. Ukamleta yule mzee. Huyo kwa kweli hukuwahi kunisimulia, sijui ulimficha kwa nini. Ulisema kulikuwa na mzee wa Kikorea amevaa suti, amekuja na mtoto wake, ametandika kitambaa, akapanga matunda na wali na samaki, akavua viatu, akainama mpaka paji la uso likagusa chini, ameelekea Kaskazini. Ukamuuliza mwenzako, ukaambiwa makaburi ya wazazi wake yako huko, na tangu alipokimbia vita akiwa mtoto hajayaona, kwa hiyo anayainamia kutoka mbali. Kila sikukuu anakuja. Ukasema hapo ndipo ulipolia.

Watu wakatikisa vichwa. Mama mchungaji akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Ningekuacha ukamaliza hapo, pengine na mimi ningelia. Lakini ukanigeukia, Rehema, na kidole ulikinyoosha, kile kile walichokukataza huko. Ukasema, "Yule mzee hana ruhusa. Wewe mama una nini? Kaburi la bibi liko hapo nyuma ya minyaa. Mimi nimefika mara nyingi tangu nikiwa mdogo. Wewe hujafika hata mara moja."

Mzee Athumani akasema polepole, "Mtoto, basi." Ukatoka nje. Wageni wakala haraka haraka, wakaaga. Kuku amebaki nusu sufuria, na katika nyumba hii kuku hajawahi kubaki.

Sasa nikueleze mambo ambayo mtu aliyepita mpakani kwa basi hawezi kuyajua.

Omari na mimi tulilala mkeka mmoja mpaka nilipovunja ungo. Baba yetu alikufa mapema, mama akatulea kwa mihogo ya shamba hilo hilo. Nilipotaka kuolewa na baba yako, mtoto wa watu wa mkonge wa Korogwe, Mkristo, na sisi Waislamu, wajomba walikataa. Aliyesimama akasema, "Mwacheni dada yangu aolewe na anayemtaka," ni Omari, na alikuwa hata ndevu hana. Ukishasoma hapo usidhani namsifia. Nakuonyesha alivyokuwa kabla hajawa alivyo.

Kwa watu wa kwetu, harusi ya mchanganyiko ina utaratibu wake, na hapa Handeni na Korogwe kila mtu anaujua. Anatafutwa Mwislamu achinje, ili watu wote wale chungu kimoja. Tulikubaliana kwamba mbuzi wa harusi yangu atachinjwa na Omari, ndugu wa bibi harusi, ili wajomba waliokataa waone kwamba tumeheshimiwa. Siku moja kabla, Omari akanoa kisu chake kutwa nzima mpaka mama akamfokea. Lakini basi walilopanda likaharibika njiani, karibu na Segera, wakakaa juani mpaka adhuhuri. Kule Korogwe mashemeji wangu wakaona jua linapanda, wageni wana njaa, wakachinja wenyewe. Omari alipoingia na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti, nyama ilikuwa inanukia.

Wajomba wakageuka palepale. Omari akabaki amesimama uani. Mmoja wa mashemeji akamwambia, "Kaa ule, shemeji, mbuzi hana dini." Watu wakacheka, na mimi kwenye kiti changu cha bibi harusi nikacheka nao. Nilikuwa mgeni katika nyumba ile, nataka wanipende, kicheko kikanitoka. Omari akaweka kisu juu ya kinu, akaondoka na njaa yake. Ndiyo maana mpaka leo katika nyumba hii hakuna anayegusa hata jogoo kabla Mzee Athumani hajafika.

Nilidhani imepita. Alikuja ulipozaliwa. Alikubeba. Halafu mama yetu akafa.

Wakati huo ulikuwa hujaanza shule. Nilifika nikakuta wanawake wameshafunga mapazia kwa ajili ya kumwosha. Mtoto wa kike ndiye anayemwosha mama yake, na mimi nilikuwa mtoto wake wa kike wa pekee. Nikavua viatu nikataka kuingia. Omari akasimama mlangoni, akasema, "Aliyebatizwa haingii." Bibi mmoja katika waoshaji akamwambia kutoka ndani, "Omari, mwache aje ashike hata miguu ya mama yake." Akasema hapana. Basi nikakaa chini, nje, mgongo ukutani, nikasikiliza maji yanavyomwagika upande wa pili. Nilisikia kila kata. Nilisikia wanavyomgeuza. Kisha wakamtoa, wanaume wakambeba wakaenda naye shambani, na sisi wanawake tukabaki.

Arobaini ilipopita nikakata vijiti vya minyaa nikapanda, kimoja baada ya kingine, kutoka barabarani mpaka korongoni. Kaburi likabaki kwake. Nikaapa kwamba ardhi ya Omari sitaikanyaga, na kaburi liko kwenye ardhi ya Omari, kwa hiyo unaona. Ulipoanza kutembea huku na huko nikakwambia ukikutana na mjomba wako njiani mwamkie kwa adabu upite, usisimame. Nilijua ninachokufundisha. Sikukufundisha kwa bahati mbaya.

Na kumbe hukujifunza. Hilo ndilo limeninyima usingizi, zaidi ya kelele zako. Kwa hiyo siku zote ulikuwa unapenya. Unakwenda kucheza na watoto wa Omari, unapelekwa kaburini kwa bibi, unarudi unanawa, unakaa kula ugali wangu unanitazama usoni. Ulipokuwa darasa la tatu jicho lilivimba likafumba, nikakubeba mpaka zahanati ninalia, ukasema ni mdudu. Kumbe ni utomvu wa minyaa yangu mwenyewe. Ungepofuka, Rehema. Ungepofuka na ungeendelea kusema ni mdudu. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, lakini sijawahi kudanganywa muda mrefu namna hii na mtu mdogo namna ile.

Sasa la leo. Mlipoondoka nilifunga mlango nikaenda kwa Omari. Sikupenya, mimi si mtoto. Nilizunguka kwa barabarani mchana kweupe, wauza machungwa wote wakinitazama.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Mke wake akaleta kigoda, sikukalia.

Nikasema, "Sikuja kupatana."

Akasema, "Sijasema umekuja kupatana."

"Rehema anaondoka kesho, anakwenda kukaa huko mpaka amalize. Mbariki."

"Jana nilikuja."

"Jana nilikufukuza. Leo nimekuja mwenyewe kukwambia."

Lazima uelewe kwa nini nilikwenda, kwa sababu baba yako haelewi na hatakueleza. Babu zake walitoka mbali kuja kukata mkonge, kila mmoja na kabila lake, wakashika ukoo wa baba kama wengine. Kwetu Wazigua mtoto ni wa mjomba. Mtoto akisafiri safari kubwa, mjomba ndiye anayechukua maji mdomoni akampulizia kifuani, akamsemea maneno. Ulipokwenda ule muhula wa kwanza hukupuliziwa, na mimi miezi yote ile nilikuwa naamka kila ndege ikipita. Sikukwambia. Kumbe wewe ulilijua, ndiyo maana ukampelekea kuku. Umefanya jambo sahihi kwa njia ya kijinga, na mbele ya watu, na nyuma ya mgongo wangu, na hilo la mwisho sikusamehe bado.

Omari akaendelea kupukuchua. Akasema, "Kwako siingii tena. Nimefukuzwa mara mbili na njaa yangu, inatosha."

Nikasema, "Na mimi kwako sikai, wala mtoto wangu habarikiwi stendi kati ya wauza korosho."

Mke wake akaondoka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Na mimi kwa kuwa nilishafika, na kwa kuwa hasira ilikuwa imenipanda mpaka hapa, nikamuuliza lile ambalo sijawahi kumuuliza. Nikasema, "Omari, hata miguu? Mimi sikuomba kumkafini. Kwa nini hukuniachia hata miguu ya mama? Dini gani hiyo?"

Akaweka gunzi chini. Akasema, "Haikuwa dini."

Nikasema, "Ilikuwa nini?"

Akasema, "Ulicheka."

Rehema, nilitaka kumpiga. Nakwambia kweli, nilitazama mchi uliokuwa pale nikaupima kwa macho. Miaka yote hii nimewagombeza mashehe moyoni, nimejibizana na watu wa dini wasionijua, nimekaa kanisani nikijiona nimeteseka kwa ajili ya imani, kumbe mtu alinifungia mlango wa mama yangu kwa sababu ya kicheko cha uani Korogwe. Nikamwambia, "Kwa kicheko tu, Omari?" Akasema, "Nilikuwa nimenoa kisu siku nzima, dada." Akasema alitaka nami nikae nje nione inavyokuwa, halafu angenifungulia, lakini bibi yule aliposema kwa sauti akaona aibu kurudi nyuma mbele ya watu. Kisha minyaa ikaota. Akaniuliza, "Na wewe ulitaka nikufuate mara ngapi na ukuta ule?"

Nimekaa na swali hilo tangu mchana na bado nina hasira, sasa sijui hata niielekeze wapi. Nina hasira naye kwa sababu maji yale hayatamwagika tena. Nina hasira na mimi kwa sababu nilimwona alivyoweka kile kisu juu ya kinu, nilimwona vizuri, na sikuinuka. Nina hasira na wewe kwa sababu ulihitaji kupanda ndege mpaka Korea ndipo uone cha kuniambia. Ungeniambia ukiwa darasa la tatu na jicho limevimba. Ningekuchapa, halafu pengine ningekuuliza kaburi likoje.

Umesema utakaporudi huko wamekuchagua uwapeleke wanafunzi wapya mpakani. Nenda. Lakini usinunue tena waya. Na ukimkuta yule mzee wa suti, au mwingine kama yeye, usimlilie. Subiri ainuke, mwamkie kama unavyowaamkia wazee wa hapa, muulize mama yake alikuwa anaitwa nani. Wewe ulilia ukaondoka na jina hukuliuliza. Mimi jana nilipokusikia nilitaka kulijua hilo kabla ya mengine yote, na hukuwa nalo. Watu wale mpaka wao uliwekwa na wakubwa wenye bunduki, na ni juu ya wakubwa kuuondoa. Usije ukamwambia mtu huko kwamba kwenu pia kuna mpaka kama wao, ukapigiwa makofi. Wa kwetu niliupanda mimi kwa vijiti vya bure.

Tulimalizana hivi mimi na Omari. Alisema kama kwangu haingii na kwake mimi sikai, basi akubariki kaburini kwa mama. Nikamwambia kaburi liko upande wake. Akasema, "Mama hana upande." Nikamwambia aache maneno ya msibani, aseme saa. Akasema kesho alfajiri, akishaswali, kabla basi la Dar halijapita. Nikaondoka. Sikumuaga, wala yeye hakunisindikiza.

Kwa hiyo kesho jiandae mapema, begi liwe limeshafungwa. Tutakwenda mimi na wewe, baba yako abaki na mizigo. Omari sitamsalimia, usinisukume na usinifinye. Mkimaliza mambo yenu ya maji na dua, mniache pale peke yangu kidogo, na usinipige picha. Nimetoa kanga mbili, moja yako moja yangu, ziko juu ya kitanda.

Wewe utatangulia. Nimemtembelea kila mtu katika wilaya hii anapofiwa, lakini njia ya kwenda kwenye kaburi la mama yangu unaijua wewe. Mimi siijui.

Mama yako